Ile Namba Kwenye Mashine ya Jimu Ilikuwa Dozi

Kuna kitu wasee wa vyuma wanapenda kumwambia mtu amejiunga na jimu juzi: mashine ni za watu hawana nguvu. Mwanaume anashika baa ndefu, anaiweka mabegani, anachuchumaa. Mashine waachie wamama na wagonjwa.

Mimi nimekaa wiki kadhaa nikisoma hii historia na nimerudi na jibu ambalo halitawafurahisha vile wanafikiria. Wako sawa. Mashine za jimu zilitengenezewa watu hawana nguvu. Zilitengenezewa wasichana wa shule wenye migongo imeanza kupinda, makarani waliokaa kwa kiti hadi mwili ukagoma, wazee wenye magoti yamekauka, wafanyakazi walioumia kazini. Penye wasee wanakosea ni kudhani hiyo ni matusi.

Twende Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, Januari 1865. Daktari kijana anaitwa Gustav Zander, miaka 29, anafungua taasisi yenye mashine 27. Hakuna ngoma inalia, hakuna kioo cha kujipiga picha, hakuna mtu amevua shati. Ukicheki picha za zamani za wateja wake lazima ucheke kwanza. Mzee ako na tai na koti, viatu vinang'aa, amekaa kwa kiti cha mbao na chuma ananyoosha goti. Mama ako na gauni refu mpaka sakafuni, anasukuma mikono mbele. Nyuso zao hazisemi kitu, kama watu wako benki wanangoja namba yao iitwe. Lakini ukiondoa hayo makoti na magauni, utatambua kila kitu. Ile ya kunyoosha miguu ukiwa umekaa, iko. Ya kufungua na kufunga mapaja, iko. Ya kuzungusha kiuno, iko. Karibu miaka 160 iliyopita, manze.

Kuelewa kwa nini alizitengeneza, lazima ujue Uswidi ilikuwa tayari na wazimu wa mazoezi. Mwalimu mmoja, Pehr Henrik Ling, alikuwa ameanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka wa 1813, na mfumo wake ulikuwa na upande wa matibabu. Ulikuwa hivi: mgonjwa anasukuma mkono wake, msaidizi anamzuia kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa anavuta mguu, msaidizi anavuta upande ule mwingine. Ni kitu kizuri, na hata leo ukienda kwa fizio atakufanyia hivyo. Lakini iko na shida mbili. Ya kwanza ni pesa: kila mgonjwa anahitaji msaidizi wake, saa nyingine wawili. Ya pili ndiyo ilimsumbua Zander zaidi. Mkono wa binadamu hauna kipimo. Asubuhi msaidizi ako na nguvu, jioni amechoka. Leo amekuzuia sana, kesho kidogo, na hakuna mtu anaweza kuandika kwa kitabu ni kiasi gani. Zander alikuwa amewahi kufundisha mazoezi kwa shule ya wasichana, kwa hivyo hii shida aliijua vizuri. Wasichana hawalingani nguvu, na yeye ako na mikono miwili tu.

Suluhisho lake lilikuwa wenzo, yaani mkono wa chuma ulioshikiliwa mahali pamoja, na kipande cha uzito kinachoteleza juu yake. Kama umewahi kubeba mtungi wa maji unajua hii sayansi bila kufundishwa. Mtungi ukiwa karibu na mwili unaenda nao mpaka mlangoni. Nyoosha mkono mbele na mtungi uleule, hutamaliza hata sekunde tano. Uzito haujaongezeka, umbali ndio umeongezeka. Zander alichora namba kwenye ule mkono wa chuma. Sogeza uzito nje, namba inapanda na kazi inakuwa ngumu. Rudisha ndani, inashuka. Na kuna jambo lingine aliliona mapema: msuli hauna nguvu sawa kutoka mwanzo wa mwendo mpaka mwisho. Kuna pembe ambapo goti liko na nguvu na pembe ambapo ni dhaifu. Akapanga wenzo zake ili uzito upande na kushuka kufuatana na mwili, sio mwili kufuatana na uzito.

Sasa angalia kilichofuata. Kila mashine ilipewa herufi na namba. Za mikono zilikuwa kundi la A, za miguu kundi la B, na kadhalika. Mgonjwa akija anapimwa, halafu daktari anamwandikia: mashine fulani, namba fulani, mara kadhaa. Wiki chache baadaye anaangaliwa tena na namba inabadilishwa.

Hiyo ni dozi, kama vidonge viwili kutwa mara tatu. Na sijawahi kuona mtu kwa foleni ya kemia akimwangalia mwenzake na kumuuliza, "Kwani wewe wameandikia miligramu ngapi? Ah, mia mbili tu?"

Lakini jimu ndivyo tunafanya. Ile namba tumeigeuza ikawa marks. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo habari ya namba zinazobandikwa ukutani ndio watu waone ni nani ako juu na nani ako chini naijua vizuri. Jimu yangu ya kwanza, moja ya hizo za mjini, koch alinizungusha kama dakika kumi. "Hii ya kifua, hii ya mgongo, hii ya miguu." Hakuna kingine. Nikaweka pini kwa uzito wa pili kutoka juu, akaja akaitoa akaishusha mara tatu, akasema kijana mzima hawezi kuanza na hiyo. Bega lilinisumbua wiki mbili. Hakuniuliza kama nimewahi kuumia, na hakurekebisha kiti.

Kiti ndicho nataka tukae nacho kidogo, kwa sababu ndicho hakuna mtu hufundisha, na ndicho siri yote ya Zander. Mashine inazunguka kwa egemeo lake. Goti lako linazunguka kwa egemeo lake. Kazi ya kiti ni kuhakikisha hayo mawili yamelingana. Ukikaa kwa ile ya kunyoosha miguu, angalia kando ya goti: kuna mahali chuma kimeshikiliwa na kinazunguka, na kwa mashine nyingi pamewekwa alama ya rangi. Goti lako linafaa kuwa sambamba na hapo. Likiwa mbele sana au nyuma sana, chuma kinataka kuzunguka huku na goti linataka kuzunguka kule, na anayeumia katika huo ugomvi sio chuma. Kwa ile ya kusukuma kifua, inua au shusha kiti hadi vishikio viwe usawa wa katikati ya kifua. Vikiwa usawa wa shingo, bega linabeba mzigo ambao sio wake, na hapo ndipo langu lilipoharibikia. Ya kuvuta baa kutoka juu, lile godoro dogo linafaa kubana mapaja ili wewe usinyanyuke. Hizo pini na vyuma vya kuvuta chini ya kiti sio mapambo.

Halafu dozi yenyewe. Chagua uzito ambao unaweza kuurudia mara kumi au kumi na mbili, mbili za mwisho ziwe ngumu lakini zifanane na ya kwanza. Kama ya mwisho umeifanya kwa kujirusha na mgongo umeinuka kwa kiti, dozi imezidi. Pumua nje ukisukuma. Na usiache vyuma vianguke kwaa! ukirudisha. Kushusha polepole ni nusu ya kazi, na msuli unajengeka hapo pia. Ukiweza siku mbili mfululizo bila shida, ongeza chuma kimoja. Hiyo tu. Haina siri nyingine.

Na kabla ujilinganishe na mse ako jimu ingine, kumbuka ishirini ya mashine moja sio ishirini ya nyingine. Inategemea kapi, yale magurudumu madogo waya unapita. Waya ukipita kwa kapi lililofungwa kwa vyuma vyenyewe, unavuta umbali mara mbili na unahisi karibu nusu ya uzito. Ile ya kusukuma kwa miguu ukiwa umelala, yenye reli imelala digrii 45, unabeba kama asilimia 70 tu ya vyuma umepakia, kwa sababu reli inabeba zingine. Ndio maana kuna wasee wanapakia sahani za chuma pande zote mpaka unafikiri ni lori la Mlolongo, halafu wakiambiwa wachuchumae na nusu ya hiyo wanakumbuka wako na simu ya kupiga.

Turudi kwa historia. Mashine za Zander zilienda mbali. Mwaka wa 1876 zilikuwa kwa maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, na miaka iliyofuata taasisi za jina lake zikafunguliwa miji mingi ya Ulaya na Amerika. Ujerumani zilipata kazi ya maana kabisa. Serikali yao ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka wa 1884, kwa hivyo mfanyakazi akivunjika mkono kiwandani kuna mtu lazima alipe mpaka apone, na yule anayelipa anataka apone haraka. Wakawapeleka kwa mashine. Fikiria mtu wa kiwanda, mkono umetoka plasta, amekaa kwa kiti ananyanyua namba 2. Hakuna mtu anamcheka. Wiki ijayo, namba 3.

Marekani mambo yalichukua njia nyingine. Huko mashine ziliuzwa kama dawa ya ugonjwa wa ofisi, kwa watu wenye pesa wanaokaa siku nzima. Zikawa kitu cha hoteli za kifahari na bafu za maji moto. Mfano ambao hunichekesha ni Titanic. Hiyo meli ilizama 1912 ikiwa na jimu ya abiria wa daraja la kwanza, na ndani kulikuwa na baiskeli zisizoenda popote, mashine ya kupiga makasia, na farasi na ngamia wa umeme. Ngamia, ndiyo. Unakaa juu anakutikisa kama uko Wajir lakini uko katikati ya Atlantiki. Hao wanyama wa umeme ni wa ukoo wa mashine za Zander, ambaye pia alikuwa na za kukutikisa bila wewe kufanya kazi yoyote. Watu wa daraja la tatu walikuwa chini huko, na hakuna mtu alifikiri migongo yao inahitaji tiba.

Hapo ndipo naona mpasuko wa kwanza. Kitu kilianza na msichana wa shule na mgonjwa, kikaisha kuwa starehe ya tajiri. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia taasisi nyingi zilififia, na mashine zikaishia makumbusho na stoo.

Lakini kabla niendelee, kuna mashine moja haikutoka kwa daktari, na ndiyo mnaipigania kila jioni saa kumi na mbili. Tredmili. Hii ilitoka jela. Mhandisi Mwingereza, William Cubitt, aliitengeneza mwaka wa 1818 hivi. Ilikuwa gurudumu pana sana lenye ngazi. Wafungwa wanapangwa mstari, wanashika chuma, wanapanda. Ngazi inashuka chini yao, kwa hivyo wanapanda saa nyingi na hawafiki. Wakati mwingine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Wakati mwingine halikufanya kitu, ilikuwa adhabu tu. Mwandishi Oscar Wilde alipofungwa 1895 aliwekwa huko. Na Jamaica, baada ya Uingereza kusema imekomesha utumwa mwaka wa 1834, ilianza miaka ya "uanagenzi" ambapo watu waliotakiwa kuwa huru walilazimishwa kuendelea kufanyia mabwana walewale kazi. Aliyekataa alipelekwa kwa gurudumu na kuchapwa akiwa juu yake. Uingereza yenyewe ilianza kuliachilia kwa sheria ya magereza ya 1898.

Ukiniuliza, ile mashine ya ngazi zinazoshuka, ambayo watu wa kujenga makalio wanaipenda, ndiyo mtoto halisi wa gurudumu la Cubitt. Tredmili ya mkanda ilipitia hospitali kwanza: miaka ya hamsini, daktari wa moyo Robert Bruce huko Seattle aliwaweka wagonjwa juu ya mkanda akiangalia moyo unavyopiga. Mwaka wa 1968 daktari mwingine, Kenneth Cooper, akatoa kitabu kinachoitwa Aerobics kilichoambia Wamarekani wakimbie, na mhandisi William Staub akakisoma akatengeneza tredmili ya bei nafuu ya nyumbani. Kwa hivyo hata hii ilibidi ipite kwa mgonjwa ndio ikufikie.

Sasa hii aibu ya mashine ilitoka wapi? Kwa maoni yangu, ilitoka kwa jukwaa. Wakati Zander anaandikia watu dozi, kulikuwa na wanaume wengine Ulaya na Marekani wanalipwa kunyanyua vitu mbele ya watu. Jina kubwa ni Eugen Sandow, aliyejaza kumbi za London na Amerika na mwaka wa 1897 akafungua shule yake ya mwili London. Kwa jukwaa, uzito ni maonyesho. Lazima uonekane mkubwa hata kwa mtu amekaa nyuma kabisa. Hakuna mtu angelipa tiketi kuona mzee na tai akinyoosha goti. Utamaduni wa baa na dambeli tunaoujua umetoka hapo, na ni mzuri, mimi mwenyewe nabeba baa siku hizi. Lakini ulikuja na macho ya watu. Mgeni akiingia jimu leo anaingia kwa chumba cha Sandow na anadhani kila mtu amelipa tiketi kumwangalia.

Mashine zilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1957 Harold Zinkin, bodibilda wa California, alitoa ile mashine kubwa moja yenye vituo vingi kuizunguka, inaitwa Universal. Vyuma vimepangwa kama mkate, unachomeka pini, unaanza. Watu kadhaa wanafanya kazi pamoja na hakuna chuma kitamwangukia mtu shingo. Shule, jeshi, timu za michezo, wote wakaitaka.

Halafu akaja Arthur Jones, na huyu jameni ni movie. Alisema mwenyewe hakumaliza shule (sisemi kitu, naripoti tu). Alianza kujaribu mashine zake kwa jimu moja ya Tulsa, Oklahoma, mwaka wa 1948. Katikati akaenda kukamata na kuuza wanyama pori na kuwapiga filamu, akaishi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mpaka 1968. Kwa maelezo yake serikali ya huko ilimnyang'anya mali akarudi Marekani karibu mikono mitupu. Mwaka wa 1970 akafika kwa mashindano ya Mr. America huko Los Angeles akivuta mashine moja ya buluu, ya mgongo. Kampuni yake ikaitwa Nautilus, jina la mnyama wa baharini mwenye gamba, kwa sababu ya gurudumu lake lisilo duara. Badala ya kapi la mviringo, alitumia gurudumu lenye umbo kama lile gamba, kwa hivyo waya unavuta kwa umbali unaobadilika: mzito penye una nguvu, mwepesi penye huna.

Umeona? Ni wazo lilelile la Zander, uzito ufuate mwili. Miaka 105 baadaye, limeuzwa kwa mabodibilda kama kitu kipya. Lakini kwa haki yake, Jones alifungua mlango. Miaka ya sabini na themanini klabu za mashine zake zilijaa watu wa kawaida, na wanawake wengi ambao chumba cha vyuma kilikuwa kimewafungia nje.

Tena Jones huyohuyo ndiye alitupa moja ya zile "kabla na baada" zenye kelele sana. Mei 1973, Fort Collins, Colorado, bodibilda Casey Viator alifanya mazoezi kwa mashine zake siku 28, na Jones akatangaza ameongeza zaidi ya pauni 60 za misuli, kama kilo 28. Kilo moja kila siku! Ukisoma chini kidogo unapata Viator alikuwa amepata ajali kazini mapema mwaka huo, akaugua, akapoteza mwili mwingi sana. Alikuwa anarudisha alichokuwa nacho, na mwili hurudisha haraka kuliko unavyojenga upya. Na aliyesimamia jaribio ndiye aliyekuwa anauza mashine. Ukiona reel ya mse "siku 30 tu" ana sura ya jiwe, jiulize alikuwa vipi mwaka uliopita, na anauza nini.

Nairobi mashine zilikaa muda mrefu kwa mahoteli na klabu za wenyewe, halafu zikahamia kwa mall na magorofa. Kwa mwezi mmoja wa hizo za juu kuna mtu analipa kodi ya keja. Lakini mtaani kumetokea kitu ambacho Zander angekipenda kuliko ile ngamia ya Titanic. Mafundi wa jua kali walichukua welding na mabaki ya chuma wakatengeneza zao. Mikebe ya Kimbo imejazwa simiti, hiyo ni dambeli. Gia za lori, hizo ni sahani. Beringi za gari zimekuwa kapi. Sponji ya godoro kuukuu imevishwa ngozi bandia, hiyo ni kiti. Fundi anaangalia picha kwa simu, anapima kwa jicho, anakata, anaunganisha.

Ukianzia kwa hizi, na wengi wetu tunaanzia hapa kwa sababu unaweza kulipa kwa siku, kuna vitu vya kuangalia kabla ukae. Pitisha jicho kwa waya, sio kidole: ukiona nyuzi zimeanza kuchomoka, wacha hiyo mashine. Angalia penye pamechomelewa, mstari mwembamba wa kutu mara nyingi ni ufa. Tikisa kiti. Jaribu mwendo mzima bila uzito kwanza, uone kama egemeo liko penye goti lako liko, kwa sababu fundi alipima kwa mwili wake au wa rafiki yake, na wewe labda ni mfupi. Ukiwa mfupi weka kipande cha sponji nyuma ya mgongo, utasogea mbele.

Jimu ya mtaa wetu iko na mashine moja ya kunyoosha miguu. Vile vyuma havijawahi kuguswa na mizani, kwa hivyo fundi hakuandika kilo. Alipaka rangi nyeupe, moja mpaka nane. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wasee wa vyuma waamke, huwa kuna mama anauza viazi Wakulima anakuja na leso yake kiunoni. Goti lake moja limechoka na kubeba magunia, na fizio wa hospitali alimwonyesha mazoezi ya kulinyoosha. Anasogeza kiti, anaweka goti sambamba na ile beringi, anafanya kumi na mbili taratibu, anapumzika, anafanya kumi na mbili tena. Mwezi wa kwanza alikuwa moja. Sasa hivi ako tatu, na jana alikuwa ananiuliza kama nadhani ni mapema kujaribu nne. Nilimwambia, "Mama, zile mbili za mwisho zinafanana na ya kwanza?" Akafikiria. Akasema bado, akabaki tatu, akamaliza, akachukua mfuko wake akakimbilia mathree.